Ukubwa wa kishada katika eneo la makutano: ni kizingiti kipi kinachotumika?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wenu katika jambo lililonikwamisha kwa wiki tatu sasa kwenye uchambuzi wa picha za MRI za utendaji wa ubongo.

Nina washiriki 24. Kila mmoja alifanya kazi mbili akiwa ndani ya mashine, yaani kusoma maneno yaliyoandikwa na kusikiliza maneno yaliyotamkwa, na kati ya kazi hizo kulikuwa na vipindi vya mapumziko ambapo alikazia macho alama ya msalaba. Nimetengeneza ramani mbili za takwimu ya t (kipimo cha athari ikilinganishwa na mabadiliko ya bahati) za washiriki wote kwa pamoja: moja inalinganisha kusoma na mapumziko, nyingine inalinganisha kusikiliza na mapumziko hayo hayo. Vokseli zangu, yaani vijichemraba vinavyounda picha, zina upande wa milimita 3, na picha zimelainishwa kwa kichujio cha Gauss chenye upana wa milimita 8 kwenye nusu ya kimo chake. Kila ramani nimeikata kwenye p (uwezekano wa kutokea kwa bahati tu) chini ya 0.001 bila masahihisho ya wingi wa vokseli, kisha programu ikanipa kizingiti cha ukubwa wa kishada (kundi la vokseli zinazogusana, au klasta, kama wengi tulivyozoea kusema) ili kosa kwa ubongo mzima, yaani uwezekano wa kupata hata kishada kimoja cha uongo, libaki asilimia 5: vokseli 38 kwa ramani ya kusoma na vokseli 41 kwa ramani ya kusikiliza. Vishada vilivyobaki katika ramani zote mbili ni vikubwa na havina utata.

Tatizo linaanza ninapozilaza ramani hizo moja juu ya nyingine. Katika mkunjo wa chini wa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, zinakutana kwenye vokseli 14 tu, na hilo ndilo eneo ambalo swali langu la utafiti linalihusu. Msimamizi wangu anasema 14 ni pungufu ya 38, kwa hiyo eneo hilo lifutwe. Mwenzangu wa maabara anasema vokseli iliyovuka 0.001 mara mbili ina uwezekano wa 0.001 mara 0.001 wa kutokea kwa bahati, yaani moja katika milioni, kwa hiyo hapahitajiki kizingiti chochote cha ukubwa. Nimesoma pia makala kadhaa zinazotumia vokseli 10 kama kiwango cha chini bila kueleza namba hiyo imetoka wapi. Je, nani yuko sahihi, na kizingiti cha ukubwa kinapaswa kutumika kabla ya makutano au baada yake?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, naomba nianze na hoja ya mwenzako, kwa sababu ndiyo inayowanasa watu wengi na kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake.

Kuzidisha 0.001 kwa 0.001 ni halali pale tu unapodhani kwamba kazi zote mbili haziamshi chochote katika vokseli ile, na kwamba kelele za ramani moja, yaani mabadiliko yake ya bahati, hazihusiani na kelele za ramani nyingine. Hiyo ndiyo nadharia tete sufuri ya jumla. Ukiikataa, unachoruhusiwa kusema ni kwamba angalau kazi moja kati ya mbili ina athari mahali pale. Hujathibitisha kwamba zote mbili zina athari, na neno "makutano" linadai zote mbili. Jambo hili lilijadiliwa kwa kina mwaka 2005, Nichols na wenzake walipoonyesha kwamba matumizi ya takwimu iliyo ndogo kuliko nyingine, yaani t ndogo kati ya zile za ramani mbili, yakipimwa dhidi ya nadharia tete sufuri ya jumla, hayajibu swali ambalo watafiti wengi walidhani yanalijibu. Nadharia tete inayofaa ni ile inayosema kwamba angalau moja kati ya athari hizo haipo. Ili kuikataa, kila ramani lazima ivuke kizingiti kamili peke yake, bila kusaidiwa na mwenzake.

Tazama hesabu hii. Chukua ubongo wenye ujazo wa takriban lita 1.35, ambao kwa vokseli za milimita 3 unakuwa na vokseli 50,000. Tuseme kusoma kunaamsha kweli vokseli 10,000 kati ya hizo, na kwa nguvu kiasi kwamba zote zinavuka kizingiti, ilhali kusikiliza hakuamshi hata moja. Ndani ya zile 10,000, ramani ya kusikiliza itavuka 0.001 kwa bahati kwa wastani wa vokseli 10. Zote 10 zitaonekana kama makutano, na hakuna hata moja iliyo ya kweli. Uwezekano wa bahati kwa kila vokseli hapo ni moja katika elfu, kwa sababu ramani ya kusoma imeshafunguliwa mlango na ishara ya kweli na haichangii tena ulinzi wowote.

Sasa ongeza ulainishaji. Mchemraba wenye upande wa milimita 8 una milimita za ujazo 512, sawa na vokseli 19 za kwako. Vokseli zilizo ndani ya eneo la ukubwa huo hupanda na kushuka kwa pamoja, kwa hiyo zile 10 za bahati hazitatawanyika moja moja kama punje. Katika jaribio moja huenda zisitokee kabisa, na katika jingine zikatokea zikiwa zimeshikamana mahali pamoja. Kishada chako cha vokseli 14 ni kidogo kuliko kipande kimoja cha ulainishaji. Sisemi kwamba ni cha uongo. Ninasema kwamba umbo lake la kushikamana si ushahidi wa ziada, kwa maana hata kelele iliyolainishwa ina umbo hilo hilo.

Kuna mvuto mwingine katika hoja ya mwenzako ambao ni vizuri kuutaja. Ukigawanya 0.05 kwa vokseli 50,000 kwa kanuni ya Bonferroni, ambayo hugawanya kosa linaloruhusiwa kwa idadi ya vipimo, unapata 0.000001, ambayo ni ile ile moja katika milioni. Kwa hiyo inaonekana kana kwamba masahihisho ya ubongo mzima yamejitokeza yenyewe, lakini yamejitokeza kwa dai dhaifu la "angalau moja". Tena, kwa data zako hata dai hilo halipati namba hiyo, kwa kuwa ramani zako mbili zinatumia mapumziko yale yale. Mapumziko yakishuka kwa bahati katika vokseli fulani, ramani zote mbili zinapanda kwa wakati mmoja. Ikiwa makadirio ya kusoma, kusikiliza na mapumziko hayategemeani na yana mtawanyiko sawa, uhusiano kati ya milinganisho yako miwili ni 0.5, si sifuri. Safari nyingine gawanya vipindi vya mapumziko mafungu mawili, moja kwa kila ulinganisho, ili angalau sehemu ya uhusiano huo iondoke.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nitalichukua upande wa msimamizi wako, kwa sababu hitimisho lake lina msingi ingawa sababu aliyoitoa haijakamilika.

Kizingiti cha vokseli 38 kilikokotolewa kwa ramani moja. Kinajibu swali hili: ikiwa ramani hii haina ishara yoyote, ni mara ngapi kishada chake kikubwa kuliko vyote kitafikia ukubwa huo? Hakikukokotolewa kwa ajili ya makutano, na vishada vya makutano kwa asili yake ni vidogo kuliko vile vya ramani zilizovizaa. Hata hivyo kinaweza kutumika kwa usalama, na sababu ni nyepesi. Kila kishada cha makutano kimo ndani ya kishada cha ramani ya kusoma na pia ndani ya kishada cha ramani ya kusikiliza, kwa hiyo hakiwezi kuwa kikubwa kuliko kimojawapo. Iwapo ulinganisho mmoja hauna ishara katika eneo hilo, uwezekano wa makutano kufikia kizingiti cha ulinganisho huo hauzidi uwezekano wa ramani yenyewe kukifikia. Kwa kuwa hujui ni ulinganisho upi usio na ishara, unachukua kizingiti kikubwa kati ya viwili, na hapa ni 41, si 38 aliyoitaja msimamizi. Kipimo hiki ni kikali, na kwenye mpaka ambapo eneo la kazi moja linapakana na eneo la kazi nyingine hakina ulinzi kamili, maana kishada kimoja kinaweza kuunganisha kelele za ramani hii upande mmoja na kelele za ramani ile upande wa pili. Lakini ni kipimo unachoweza kukitetea, na 14 haikifikii.

Wengi hufanya kama ulivyofanya wewe: wanakagua ukubwa wa kishada katika kila ramani kwanza, kisha wanazikutanisha na kuripoti kilichobaki hata kama ni vokseli mbili. Hapa ndipo ningependa usome polepole. Kishada kinapopita kipimo cha ukubwa, tunaruhusiwa kusema kwamba mahali fulani ndani yake pana ishara. Haturuhusiwi kuinyooshea kidole vokseli yoyote moja. Kishada cha kusoma kinaweza kuwa na vokseli 600, ishara yake ya kweli ikawa upande wa nyuma. Kishada cha kusikiliza kikawa na vokseli 500, ishara yake ya kweli ikawa upande wa juu. Na vokseli 14 zinakopishana zikawa ni kingo za vyote viwili, zilizojazwa na ulainishaji tu. Ramani zote mbili zitakuwa zimepita kipimo kihalali, na bado makutano hayatakuwa na maana unayotaka kuyapa. Kadiri vishada vinavyokuwa vikubwa ndivyo dai lao kuhusu mahali linavyolegea, jambo ambalo Woo, Krishnan na Wager walilisisitiza mwaka 2014 walipopendekeza p ya 0.001 kama kizingiti cha msingi cha kuundia vishada.

Kuhusu vokseli 10, iache kabisa. Vokseli 10 za milimita 2 ni milimita za ujazo 80, na vokseli 10 za milimita 3 ni 270; namba inayobadilika zaidi ya mara tatu kwa kubadilisha gridi tu haiwezi kuwa kanuni ya takwimu. Mwaka 2016 Eklund, Nichols na Knutsson walitumia picha za mapumziko za watu 499 wenye afya, wakafanya karibu milioni 3 za chambuzi za vikundi ambamo hapakutarajiwa kuonekana athari yoyote. Kwa kanuni ya p ya 0.001 pamoja na vokseli 10 bila masahihisho, kosa kwa ubongo mzima lilizidi asilimia 50. Hata masahihisho rasmi ya ukubwa wa kishada yalilegea sana pale vishada vilipoundwa kwa p ya 0.01, yakafika hadi asilimia 70 katika hali fulani. Kwa p ya 0.001 yalikaribia zaidi ile 5 iliyokusudiwa, bila kuifikia kila mara. Kwa hiyo hata hizo 38 na 41 zako usiziamini mpaka ujue programu yako imezipataje.

Jambo dogo la kukagua: majirani. Programu moja huhesabu vokseli kuwa jirani zinapogusana kwa uso, nyingine kwa uso au ukingo, nyingine hata kwa kona, yaani majirani 6, 18 au 26. Kizingiti kilichokokotolewa kwa kanuni moja kisitumike kuhesabu vishada kwa kanuni nyingine. Na wala usije ukatumia ramani ya kusoma iliyokatwa kwenye 0.05 bila masahihisho kama kinyago cha kupunguza eneo la kutafutia katika ramani ya kusikiliza, kisha ukayaita makutano. Ulinganisho mmoja unakuwa umepimwa kwa ukali na mwingine kwa ulegevu.

Muulizaji

Nawashukuru sana nyote wawili. Sasa naelewa kwamba nimekuwa nikiuliza ukubwa wa kishada kabla ya kujiuliza nataka kudai nini. Dai langu ni kwamba katika mkunjo ule kuna mahali panapofanya kazi katika kusoma na katika kusikiliza, siyo tu kwamba vishada viwili vinapakana.

Nimepata wazo, naomba mlipime. Nitengeneze ramani moja ambayo kila vokseli ina t iliyo ndogo kati ya zile mbili, kisha nibadilishe alama za jumla na toa za athari za washiriki kwa nasibu mara 5,000 ili kuiga data zisizo na ishara, kila mara nikirekodi kishada kikubwa kuliko vyote katika ramani hiyo. Hapo nitapata kizingiti cha makutano yenyewe, na bila shaka kitakuwa kidogo kuliko 38.

Jibu la tatu

Kitakuwa kidogo, ndiyo, na huo ndio mtego wenyewe. Unapogeuza alama za mshiriki katika milinganisho yote miwili unafuta ishara ya kusoma na ya kusikiliza kwa pamoja, na ulimwengu unaouiga ni ule usio na athari yoyote. Umerudi kwenye nadharia tete sufuri ya jumla kupitia mlango wa nyuma. Vishada vya makutano katika ulimwengu huo ni vidogo mno kwa sababu lazima kelele mbili zikutane, ilhali hatari iliyopo ni ya kelele moja kukutana na ishara moja ya kweli. Niliwahi kufanya kosa hili hili na likapita mikononi mwa wasomaji watatu bila kuonekana, kwa hiyo naliandika hapa kwa msisitizo.

Kwa dai ulilolitaja, njia iliyonyooka ni kuachana na ukubwa wa kishada na kupima vokseli moja moja. Fanya mabadiliko ya alama kwa kila ramani peke yake. Kila mara rekodi t kubwa kuliko zote katika ubongo mzima. Thamani inayozidiwa katika asilimia 5 tu ya marudio ndiyo kizingiti cha ramani hiyo. Vokseli inayovuka kizingiti chake katika ramani zote mbili ni ya makutano, hata ikiwa peke yake, na hakuna sharti la ukubwa juu yake. Wala huhitaji masahihisho ya ziada eti kwa kuwa ramani ni mbili: kudai "zote" hakuongezi nafasi za kukosea kama kudai "yoyote" kunavyoongeza, na hili linabaki kweli hata ramani zikiwa na uhusiano kutokana na mapumziko ya pamoja. Kwa washiriki 24 kuna mipangilio 16,777,216 ya alama, kwa hiyo 5,000 ni sampuli tu. Kwa idadi hiyo kosa la kadirio la p iliyo karibu na 0.05 ni takriban 0.003, ambalo linatosha. Kwa 1,000 lingekuwa 0.007.

Gharama yake ni nguvu ya jaribio, nami siwezi kuinyamazia. Ikiwa kila ramani ina uwezekano wa asilimia 60 wa kuiona athari iliyopo kweli, na ramani hazitegemeani, makutano yana asilimia 36. Friston na wenzake walilalamikia ukali huu mwaka huo huo wa 2005, na lalamiko lao halikuwa bure: mtafiti mwenye milinganisho mitano anaweza kuridhika kudai kwamba angalau mitatu ina athari, na kuna vipimo halali vya dai la namna hiyo. Wewe una miwili, na kati ya "angalau mmoja" na "yote miwili" hakuna daraja la katikati. Ila usiandike popote kwamba kukosekana kwa makutano ni dalili ya kazi hizo kutengana. Kwa nguvu ya asilimia 36, kutoyaona ni jambo la kawaida hata yakiwapo.

Kama ulikuwa umeutaja mkunjo huo kwa maandishi kabla ya kuona data, na mipaka yake imetoka kwenye atlasi au kwenye data za watu wengine, unaweza kurekodi t kubwa kuliko zote ndani ya mipaka hiyo tu. Kama mipaka umeichora baada ya kuona vokseli 14, njia hii imefungwa.

Muulizaji

Nimerudi na matokeo. Mpango wangu wa awali uliutaja ubongo wa mbele kwa ujumla tu, kwa hiyo sikuthubutu kupunguza eneo na nimepima ubongo mzima. Kati ya vokseli 14, kusoma kumevuka katika 11, kusikiliza katika 2, na zile 2 zimo ndani ya zile 11. Nitaripoti vokseli 2 kama makutano, pamoja na t ya kila ramani, na zile 14 nitazieleza kama kupishana kwa vishada bila kuzipa thamani ya p. Msimamizi amekubali, lakini anauliza kama kweli tunaweza kusimama mbele ya watu na vokseli mbili.

Jibu la tatu

Mnaweza, kwa sababu kila moja imesimama kwa miguu yake dhidi ya t kubwa kuliko zote za ubongo mzima, mara mbili. Msichoweza ni kuzitumia kuonyesha mipaka ya eneo. Kwa ulainishaji wa milimita 8, kilele kinaweza kusogea vokseli moja au mbili upande wowote, na mikunjo ya washiriki 24 hailingani kiasi cha kuahidi kwamba ni tishu ile ile kwa kila mmoja. Andikeni viwianishi, andikeni upana wa kichujio katika sentensi hiyo hiyo, kisha mchoreni kwa kila mshiriki athari ya kusoma na ya kusikiliza katika vokseli hizo mbili, ili msomaji aone kama ni wengi wanaochangia zote mbili au ni makundi mawili ya watu, moja la wasomaji na moja la wasikilizaji. Mchoro huo uwe wa maelezo tu, bila kipimo kipya, kwa kuwa vokseli zenyewe zimechaguliwa na data zile zile. Na msirudi kulainisha kwa milimita 6 au 10 ili kuona kama zitaongezeka.